Kutredi ni raha? Muulizeni aliyelala na oda ya dhahabu wikiendi nzima

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Mbeya, nina kasteshenari kangu maeneo ya Mafiati, gazeti lako nalinunua asubuhi na ikifika saa nne limeshasomwa na watu sita bila hata mmoja kuchangia shilingi, ila hilo silo lililonileta. Kilichonileta ni barua ya yule kijana aliyeandika juzi kwamba kazi tamu kuliko zote kwa kijana wa sasa ni kutredi masoko ya fedha, yani ile foreksi, kununua na kuuza sarafu na dhahabu kwa simu, huna bosi, huna foleni, unakaa na simu yako unaingiza dola huku unakunywa chai, na akawaonea huruma wenzake wanaolima viazi kule Uporoto kwenye ukungu. Nimeisoma mara mbili. Nikacheka, afu nikanyamaza, maana maneno yale yale niliyasema mimi mwaka 2022, nilimwambia mama watoto kwa mdomo wangu huu huu.

Sitaki kubishana kama ni utapeli au sio, hiyo ligi ina wachezaji wengi. Mimi nashika neno moja tu la kijana, neno "tamu". Maana mtu anaweza kulipwa vizuri na kazi haipendi, na mwingine anaweza kupenda kitu kinachommaliza polepole, si tunawaona kwenye vilabu vya ulanzi.

Nianze na utamu wenyewe maana upo, nisidanganye. Nilifundishwa na menta mmoja, ndo wanavyojiita walimu wa kutredi, aliyekuja kukodi ukumbi hapa mjini, laki tatu na nusu kwa siku tatu, soda na andazi ndani yake. Nikaweka dola 200, kwa wakati ule ni kama laki nne na sitini na kitu, hela ya rimu za karatasi za duka hiyo. Ndani ya wiki sita ikawa dola 640. Aisee. Kwenye ile programu ya simu namba ikiwa ya bluu unapata ikiwa nyekundu unapoteza, na mimi nilikuwa naona bluu mpaka usingizini. Nipo kwenye bajaji natoka Mwanjelwa abiria wenzangu wanalalamikia bei ya mchele, mimi kichwani nazidisha tu, 200 mara tatu kwa wiki sita, je kwa mwaka? Hesabu ya hivyo hata Kyela yote ningeinunua.

Sasa ngoja nikuhadithie Ijumaa moja, tarehe 10 Machi 2023.

Kila mwezi, mara nyingi Ijumaa ya kwanza ila mwezi ule ilisogea, Wamarekani wanatoa ripoti ya ajira mpya. Kwetu huku inatoka saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu jioni, inategemea wao wamesogeza saa zao au bado, maana wenzetu wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka wakati jua la Mbeya linachomoza pale pale. Siku hiyo ilikuwa saa kumi na nusu. Tulifundishwa hivi: ajira zikiwa nyingi dola inapata nguvu, dola ikipata nguvu dhahabu inashuka. Basi. Nimesimama nyuma ya kaunta simu imeegemea mashine ya kopi, anaingia baba mmoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanae, ananiambia kaka naomba kopi mbili fasta nawahi gari. Nikaweka cheti, macho yapo kwenye simu. Ripoti ikatoka: ajira 311,000, nyingi kuliko walivyotegemea. Nikabonyeza kuuza dhahabu, yani nabeti kwamba bei itashuka, loti 0.10, huku kidole kingine kinabonyeza mashine, na kumbe kwenye mashine nimebonyeza 20.

Loti 0.10 ya dhahabu ni aunsi 10. Yani ikisogea dola moja, mimi napata au napoteza dola 10. Aunsi 10 ni kama gramu 311, namba ile ile ya ajira ukitoa masifuri, mpaka leo inanichekesha. Chunya hapo juu ya mlima jamaa zetu wanashinda shimoni wakitafuta gramu mbili tatu wapeleke soko la madini, na mimi nimesimama Mafiati nimeuza gramu 311 ambazo sijawahi kuzishika mkononi, mzigo wa zaidi ya dola elfu 18, kwa dhamana ya kama dola 37 tu kwa sababu levereji, yani kiasi ambacho kampuni inakukuzia mzigo kuliko hela yako, ilikuwa 1 kwa 500. Nani asingejiona mjanja?

Dhahabu ikapanda. Sio kidogo. Kumbe ndani ya ripoti ile ile kiwango cha wasio na kazi nacho kilikuwa kimepanda kutoka asilimia 3.4 hadi 3.6, na kumbe siku hiyo hiyo kule California serikali inafunga benki inaitwa Silicon Valley Bank, watu wameshtuka wanakimbilia dhahabu. Hayo nimeyasoma baadae. Pale nilichokiona ni namba nyekundu tu, na baba wa watu anahesabu kopi zake ananiuliza kaka mimi nimesema ngapi? Nilimkatia mbili, akalipa, nyingine 18 nikatupia droo. Mpaka soko linafungwa usiku nilikuwa nimeshapoteza kama dola 330. Zimebaki 310 hivi. Ningeweza kufunga oda nikalala. Sikufunga, moyo ulikuwa unaniambia Jumatatu itarudi tu, haiwezi kupanda hivi bila kurudi.

Mhariri, hapa ndo nataka yule kijana asome taratibu. Wikiendi soko limefungwa. Huwezi kutoka. Oda yako ipo wazi na wewe upo wazi. Jumamosi mama watoto kapika wali na maharage nimekula vijiko vitatu. Nimekaa kibarazani naangalia mlima Loleza umefunikwa na mawingu na wala siuoni. Jumapili kanisani mhubiri anasema tusimame, nimesimama, anasema tukae, nimebaki nimesimama, mwanangu wa pili ananivuta koti. Afu habari za benki zinazidi kuja kwenye simu kila nikiigusa. Usiku wa kuamkia Jumatatu dhahabu inafunguliwa saa saba, nipo ndani ya blanketi na simu, baridi la Mbeya mnalijua, mwanga wa simu umempiga mama watoto usoni kaamka kaniuliza nani mgonjwa. Nikamwambia hakuna mgonjwa, lala.

Siku hiyo dhahabu ilipanda tena zaidi ya dola 40. Mimi nilikuwa na pumzi ya kama dola 31 za kupanda, maana kila moja inanila 10. Kampuni yenye ile programu ya kutredi ikanifungia oda yenyewe, akaunti ikabaki na hela ya vocha.

Sasa swali: nilikuwa nafurahia kazi? Nikiwa mkweli, saa kumi na nusu ile, zile dakika mbili za kwanza kabla namba haijageuka, sijawahi kujisikia mzima namna ile maishani. Moyo unadunda mpaka masikioni. Na ndo maana nasema utamu upo, ila ni utamu wa mkeka wa mechi kumi umebakisha mechi moja, sio utamu wa kazi. Kazi tamu unaimaliza jioni unaoga unasahau. Hii ilikuwa inalala na mimi kitandani kama mtoto mwenye homa.

Watu wataniambia wewe ulikosa nidhamu, hukuweka stopu losi, ile amri ya kufunga oda yenyewe hasara ikifika mahali ulipopanga, uliweka loti kubwa. Sawa kabisa. Nilijiambia hivyo hivyo, nikarudi. Miezi kama minne baadae nikaweka dola 500, safari hii kwa adabu, loti 0.01, stopu losi kila oda, oda mbili au tatu kwa wiki, daftari la kaunta buku nimechora mistari naandika kila nilichofanya na kwanini. Nikaenda hivyo karibu miaka miwili. Na sikuchoma akaunti, tena mwisho wa yote nilikuwa juu kidogo.

Ilikuwa inaboa hiyo kitu sijawahi kuona.

Kutredi kwa usahihi ni kukaa. Unasubiri London wafungue, saa nne au saa tano asubuhi zetu kutegemea na hizo saa zao, unaangalia mishumaa, vile vipau vya bei kwenye chati, inapanda inashuka, haijafika pale unapopataka, unafunga. Mchana unaangalia tena. Jioni New York wanaingia, unaangalia, bado. Siku imeisha na kazi uliyofanya ni kutokufanya. Mara nane kwa mwaka benki kuu ya Marekani inatangaza riba saa tatu au saa nne usiku, basi watoto wanalala wewe unamsikiliza mzee wa Washington anachagua maneno. Kijana anasema hakuna bosi, bosi yupo ila anaishi New York na hajui kama upo. Mlinzi wa usiku pale mtaani kwetu ana afadhali, yeye ana jiko la mkaa na redio na mtu wa kupita akamsalimia.

Na malipo yake sasa. Tufanye umekuwa hodari, unapata asilimia 3 kila mwezi bila kukosa, na mtu anayefanya hivyo miaka kwa miaka ni wa kutafutwa kwa tochi hata huko kwao. Dola 500 yangu inanipa dola 15, elfu thelathini na kitu kwa mwezi. Siku moja ya kulaminisha vyeti kipindi cha usajili wa shule inanipa zaidi. Ili hiyo asilimia 3 ikupe laki sita ya kula na kulipa kodi ya nyumba unatakiwa uwe na milioni 20 imekaa tu pale. Mwenye milioni 20 Mbeya hii anatafuta nini kwenye mishumaa? Akiiweka kwenye hatifungani ya serikali, tuseme riba ya asilimia 12, kila miezi sita anapokea milioni moja na laki mbili na amelala. Tena kuna mwalimu mmoja mteja wangu ananunua hisa za Dar es Salaam kwa simu yake, Hisa Kiganjani, kidogo kidogo kila akipata mshahara, hata bei haangalii mpaka gawio liingie. Hajawahi kusema yeye ni treda. Yeye ni mwalimu.

Kwahiyo mwenye mtaji mdogo anafanyaje? Anapandisha loti. Akipandisha loti raha inarudi, moyo unadunda, na tumerudi kwenye ile Ijumaa yangu. Kwangu mimi ndo fundo lenyewe hilo, mhariri: nilipokuwa naifurahia nilikuwa napotea, na nilipoacha kupotea nilikuwa siifurahii. Sijaona sehemu ya katikati, labda wengine wameiona.

Afu kuna mjomba wangu Tunduma. Huyu amebadilisha kwacha na shilingi pale mpakani toka mimi niko shule ya msingi, alikuwepo mpaka Wazambia walipokata masifuri matatu kwenye hela yao mwanzoni mwa 2013, anasimulia siku zile watu walivyokuwa wanachanganyana noti za zamani na mpya mpaka raha. Ukitaka kuona mtu anafurahia biashara ya sarafu nenda kakae naye asubuhi moja. Dereva wa lori anatoka Lusaka, mjomba anamjua, anamuuliza mtoto alipona? Wanabishana bei, wanacheka, mmoja anajifanya anaondoka, anaitwa, anarudi. Mjomba ananunua kwa bei hii anauza kwa bei ile na tofauti ya katikati ni yake. Nilivyomuelezea ninachofanya kwenye simu alinisikiliza vizuri, mzee ana subira, afu akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo tofauti ya kununua na kuuza anachukua nani?" Nikamwambia kampuni. Akasema, "Basi kampuni ndo inafanya kazi yangu. Wewe ni dereva wa lori."

Nilikaa na hilo neno kutoka Tunduma mpaka Uyole. Kweli kabisa, kila nikifungua oda naanza nikiwa nyuma, hiyo tofauti, wenyewe wanaiita spredi, imeshakatwa, na nikiiacha usiku wanakata tena. Na mara nyingi tu kampuni hizi za watu wadogo zenyewe ndo zinakaa upande wa pili wa oda yako, ukipoteza zimepata. Mama wa viazi pale soko la Soweto hapa Mbeya hata akipigwa bei na wanunuzi wa lumbesa anaona sura ya aliyempiga, kesho anamkumbusha, keshokutwa anamkopesha. Mimi kwa miaka ile sikuwahi kuona sura ya mtu hata mmoja niliyefanya naye biashara. Wala kumsalimia "ugonile".

Takwimu sipendi kujaza lakini mbili zipo za wazi. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilisema akaunti za watu wa kawaida kwenye biashara za namna hii zinapoteza kati ya asilimia 74 na 89, wakashusha levereji ya sarafu kubwa mpaka 1 kwa 30 na wakazilazimisha kampuni ziandike kwenye matangazo yao ni wateja wangapi wanapoteza. Mimi nilikuwa na 1 kwa 500 na menta alisema ni zawadi. Na kule Brazil wachumi walifuatilia watu walioanza kutredi kila siku kati ya 2013 na 2015, wale waliodumu zaidi ya siku 300, wabishi kama mimi, asilimia 97 walipoteza, na waliopata kuzidi kima cha chini cha mshahara wa pale ni asilimia 1.1. Kumbuka hao sio waliokata tamaa mapema, ni waliong'ang'ana.

Wapo wanaoifanya kama ajira kweli, sikatai. Benki kubwa zote pale Dar zina dawati la kununua na kuuza fedha za kigeni na dhamana, watu wanaingia asubuhi na tai, mtaji ni wa benki, mwisho wa mwezi kuna mshahara na bima, wiki ikiwa mbaya bosi anafoka ila watoto wanakula. Hao wakisema wanafurahia kazi yao naamini. Ila yule kijana aliyeandika hakuwa anawazungumzia hao, alikuwa anamzungumzia mtu na simu yake kitandani na hela ya mahindi ya mama yake.

Na kwanini basi wote mtandaoni wanaonekana wanacheka? Angalia wanauza nini. Menta wangu kwa siku tatu zile tulikuwa watu kama 40 ukumbini, zidisha mwenyewe kwa laki tatu na nusu. Hata mimi ningecheka.

Nimalizie na kijana wa jirani yangu, kamaliza kidato cha sita mwaka jana. Alikuja dukani, "Shikamoo anko, nasikia wewe unajua mambo ya foreksi." Mama yake alikuwa ameshamtafutia mteja wa nguruwe wawili ili apate ada ya menta. Nikamwambia usilipe kwanza, njoo ukae na mimi siku tano, nakupa bando, tunafungua chati, hugusi kitu, unaandika tu kwenye daftari. Siku ya kwanza saa nne yupo. Saa tano akaniuliza sasa anko tunafanya nini? Nikamwambia tunasubiri. Tunasubiri nini? Nikamwambia hatujui bado. Saa saba alikuwa ameshika mashine ya kopi, anamsaidia bibi mmoja kujaza fomu ya bima, wanacheka, bibi kamuachia parachichi tatu. Siku ya pili alikuja saa sita, akaangalia chati dakika kumi, akasema anko hii mbona inaboa, kwenye zile video haipo hivi. Siku ya tatu hakuja. Nguruwe waliuzwa wiki hiyo hiyo, nasikia mmoja kaenda ada ya menta na mwingine kageuzwa dola.

Nakuomba mhariri, badala ya barua za wanaosema kazi ni tamu, fungua ukurasa waandike wale waliochukua hayo mafunzo hapa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, kila mtu aseme kitu kimoja tu: aliingiza shilingi ngapi na alitoa shilingi ngapi. Mimi naanza. Ukijumlisha dola 200 za kwanza na 500 za pili na ada ya menta na bando, nilitoa mfukoni kama milioni mbili na kitu. Nilichowahi kukitoa kwenye akaunti kikafika mkononi kwa wakala ni dola 540, nikanunua laminesheni mpya na ndo hiyo ipo dukani mpaka leo.

Na yule baba wa cheti cha kuzaliwa, kama unasoma hapa, kopi zako 18 bado zipo kwenye droo. Pita uzichukue, sidai kitu.

Ni mimi mwenye steshenari,
Mafiati, Mbeya